Maji ya viwanda vya rangi: Chumvi ndiyo iliyoharibu mashamba ya Tirupur

Wakulima wanaotumia maji ya mito inayopita katika miji yenye viwanda vya nguo huogopa zaidi rangi wanayoiona kwenye mfereji. Yaliyotokea Tirupur, kusini mwa India, yanaonyesha kuwa rangi inaweza kuondolewa na maji yakaonekana safi, lakini shamba likaendelea kufa kwa sababu ya chumvi isiyoonekana kwa macho.

Tirupur uko katika jimbo la Tamil Nadu, kando ya mto Noyyal unaomwaga maji yake katika mto Kaveri. Mji huo ni maarufu kwa fulana na nguo za ndani za pamba zinazouzwa Ulaya na Marekani. Biashara hiyo ilipokua kwa kasi katika miaka ya 1980 na 1990, mamia ya viwanda vidogo vya kutia rangi vilijengwa huko, na majitaka yake yakaelekezwa mtoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikamilisha bwawa la Orathupalayam, chini ya mji huo, ili wakulima wapate maji ya kumwagilia. Badala yake bwawa likawa ghala la majitaka ya viwanda. Visima vya jirani viligeuka chumvi, mazao yakadhoofika, na kila maji yalipofunguliwa wakulima wa chini walilalamika. Bwawa lililojengwa kwa ajili yao likawa kitu wasichokitaka.

Chumvi inatoka wapi?

Rangi nyingi zinazotumika leo kwenye nguo za pamba hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Ya kwanza iliyopata soko kubwa iligunduliwa na Mwingereza William Henry Perkin mwaka 1856. Kwa pamba, aina inayopendwa zaidi ni ile inayojifunga kwenye uzi wenyewe, kwani haichuji upesi nguo inapofuliwa.

Tatizo ni kwamba rangi hiyo haiendi kwenye uzi bila kusukumwa, na kinachoisukuma ni chumvi. Lita moja ya maji ya kutilia rangi huhitaji gramu 30 hadi 100 za chumvi, kutegemea ukolezi wa rangi inayotakiwa. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita.

Chumvi hiyo haibaki kwenye nguo. Kazi ikiisha, karibu yote hutoka na maji, pamoja na sehemu ya rangi iliyoshindwa kushika. Maji ya kusuuzia huipunguza makali, lakini yakimwagwa mtoni kila siku na viwanda mamia, mto mdogo kama Noyyal hauwezi kuyahimili, hasa wakati wa kiangazi.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), maji yenye zaidi ya gramu 2 za chumvi kwa lita hayafai kumwagilia mazao mengi bila uangalizi mkubwa. Chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Aidha, sodiamu iliyomo huufanya udongo wa mfinyanzi ushikamane, usipitishe maji wala hewa. Maharage, karoti na vitunguu huathirika mapema. Pamba na shayiri huvumilia zaidi.

Mahakama yaingilia kati

Viwanda vya Tirupur vilijenga mitambo ya pamoja ya kusafisha majitaka. Mitambo hiyo ya awali ilitumia chokaa na dawa za kugandisha uchafu, kisha tope likaachwa lituame. Njia hiyo hupunguza rangi, lakini haiondoi chumvi iliyoyeyuka. Hata bakteria wanaotumika kula uchafu katika mabwawa ya majitaka hawaigusi.

Wakulima wa bonde la Noyyal waliungana katika chama chao na kwenda mahakamani. Mwaka 2004 mamlaka iliyoundwa kutathmini hasara ilitambua zaidi ya wakulima 28,000 waliostahili fidia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliagiza viwanda visimwage hata tone la majitaka mtoni. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India ilisisitiza agizo hilo, na Januari 2011, baada ya utekelezaji kusuasua, Mahakama Kuu iliamuru viwanda vyote vya kutia rangi vya Tirupur vifungwe. Zaidi ya 700 vilisimama, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi.

Ili kufungua tena, ilibidi mitambo iongezewe hatua mbili. Kwanza, maji yaliyokwisha kuchujwa husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye matundu madogo mno, ambao hupitisha maji na kuzuia chumvi. Pili, maji machache yanayobaki, yenye chumvi kali, huchemshwa hadi chumvi ijitenge. Maji na chumvi vyote hurudi kiwandani kutumika upya.

Gharama ni kubwa kwa sababu ya umeme na kuni za kuchemshia. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilitoa mkopo usio na riba wa rupia bilioni 2 kusaidia mitambo hiyo. Hata hivyo, tope linalobaki bado ni mzigo, na baadhi ya watia rangi walihamia miji mingine.

Somo kwa watengeneza batiki

Wajasiriamali wa batiki nchini Tanzania hutumia maji kidogo, lakini nao humwaga kostiki na mabaki ya rangi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka anayechafua agharamie uchafuzi wake.

Mtengenezaji anaweza kupunguza madhara kwa kupima rangi na dawa badala ya kukadiria, na kutumia maji yale yale ya rangi hadi yaishe nguvu, akianza na nguo za rangi nzito na kumalizia na hafifu. Rangi za batiki zinazoyeyushwa kwa kostiki na haidrosi hurudi kuwa chembechembe zikipata hewa. Kwa hiyo maji yakikorogwa na kuachwa wazi usiku kucha kwenye pipa, sehemu kubwa ya rangi hutuama chini. Ukali wa kostiki uliobaki hupunguzwa kwa siki kidogo kidogo, hadi karatasi ya kupimia pH ionyeshe kiasi cha 7. Glavu zivaliwe wakati wote. Maji hayo yasielekezwe bustanini wala karibu na kisima.

Kwa mkulima aliye chini ya kiwanda cha nguo, hatua ya kwanza ni kupima chumvi kwenye maji yake wakati wa kiangazi, mto ukiwa umepungua, na kuandika matokeo kila msimu. Kumbukumbu hizo zitamsaidia kuchagua zao la kupanda, na akilazimika kudai fidia, atakuwa na ushahidi mkononi.