Mzee wa korona aliyerudi mara tatu

Ndugu wafanyakazi, nawaandikia kutoka Tanga, Tanzania. Mwaka jana alikuja ofisini kwetu mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye korona ya mkonge zaidi ya miaka thelathini. Aliulizia mafao yake. Nikamsomea karatasi, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake akarudi na swali lile lile. Siku ya tatu akaja tena. Kijana wetu wa ofisi akacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana mzee huyo ndiye aliyekuwa akijua kwa kichwa jina la kila mtu wa zamu yake.

Nikamwuliza mwanawe. Akasema, "Katibu, baba amezeeka tu." Lakini mzee alikuwa ameacha kwenda barazani kwa kuogopa kuchekwa. Bao ameacha. Jirani walikwisha kunong'ona habari za uchawi. Nguvu za kulima anazo, ila raha ya kukaa na watu imemtoka. Mbaya zaidi, mkopeshaji mmoja alikuwa amemtia dole gumba kwenye karatasi ambayo mzee mwenyewe haikumbuki.

Kusahau miwani kisha ukaikumbuka ni mambo ya umri. Kupotea njia ya nyumbani kwako, au kushindwa kuhesabu chenji uliyoizoea, ni dalili ya kwenda hospitali. Mwaka 2010 wataalamu walipima wazee wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakakuta wapata 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa usahaulifu. Basi si uchawi, na si kila mzee anao. Tena pengine kinachomsahaulisha mtu ni huzuni, pombe, upungufu wa damu au dawa anazokunywa, na hayo yana tiba.

Sasa sikieni linalotuhusu sisi wa viwandani. Mwaka 2024 jopo la madaktari wa nchi mbalimbali lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu, likasema kama yote yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wangeepukana nao au ungechelewa kuwafika. Yamo shinikizo la damu, kisukari, sigara, kuumia kichwa, hewa chafu, upweke na elimu kidogo (hapo nilijishika kichwa, mimi wa darasa la saba). Umo pia uziwi. Nani asiyejua kelele za korona? Mzee wetu alisimama mbele yake miaka yote hiyo bila kizibo cha masikio. Siwezi kusema ndicho kilichompata, mimi si daktari. Lakini vizibo vya masikio na kupimwa masikio kila mwaka ni madai ya kuwekwa kwenye mkataba, pamoja na mshahara.

Tulimpeleka hospitali na mwanawe. Shinikizo la damu lilikuwa juu, akapewa dawa. Kumbukumbu haikurudi yote. Karatasi ya mkopeshaji bado tunaishughulikia. Siku hizi mafao yake hupokea akiwa na mkewe, na kila Ijumaa huja tawini kucheza bao, ingawa wenzake humhesabia kete.

Makatibu wa matawi, andikeni jina la mrithi na la msimamizi kabla mwanachama hajastaafu, yeye mwenyewe akiwepo na akili zake timamu. Nakala moja ibaki tawini.