Fremu, rangi na mkasi katika The Grand Budapest Hotel

The Grand Budapest Hotel, filamu ya Wes Anderson iliyotoka mwaka 2014, ina kisa cha Gustave, msimamizi wa huduma katika hoteli ya kifahari, na Zero, kijana anayehudumu mapokezi. Nchi yao, Zubrowka, ni ya kubuni, lakini vita vinavyoinyemelea vinafanana na vile vilivyoivuruga Ulaya. Uzuri wa filamu hii si pambo. Ndio unaobeba kisa.

Kisa kinazunguka miaka ya 1932, 1968 na 1985. Anderson na mpiga picha wake, Robert Yeoman, wameipa kila zama umbo lake la fremu. Mwaka 1932 fremu inakaribia mraba, kama ilivyokuwa katika filamu za enzi hizo. Mwaka 1968 inatanuka kwa upana, na mwaka 1985 inachukua umbo la kati. Mtazamaji hahitaji kukumbushwa tarehe: jicho linajua.

Rangi nazo zinatunza kumbukumbu. Hoteli ya 1932 imejaa waridi, nyekundu na zambarau ya sare zilizobuniwa na Milena Canonero. Kufikia 1968 imebaki kahawia na rangi ya chungwa iliyochakaa. Msanifu wa mandhari, Adam Stockhausen, alijenga ukumbi wa mapokezi ndani ya duka kubwa la zamani mjini Görlitz, Ujerumani. Hoteli inayoonekana kwa nje ni mfano mdogo uliotengenezwa kwa mikono.

Katika uhariri, Barney Pilling anajua lini akimbie na lini atulie. Wasimamizi wa hoteli mbalimbali wanapopigiana simu kumwokoa Gustave, picha zinapokezana haraka, zote zikiwa na mpangilio mmoja: mtu katikati, simu mkononi. Wakili Kovacs anapofuatwa na muuaji ndani ya jumba la makumbusho, kasi inashuka. Zinasikika hatua za viatu, kisha kimya, kisha hatua tena, na hofu inakua kwa sababu mkato unacheleweshwa.

Uamuzi mzito zaidi unakuja mwishoni. Ndani ya treni, askari wanapowajia, rangi zote zinaondoka na kubaki nyeusi na nyeupe. Kifo cha Gustave hakionyeshwi. Zero mzee anakitaja kwa maneno machache, na filamu inaendelea. Mkasi uliochangamka muda wote hapo unaonyesha heshima.

Filamu hii ilipata Oscar nne, za mandhari, mavazi, vipodozi na muziki, na uhariri wake uliteuliwa kuwania tuzo hiyo. Anayejifunza kuhariri aanze na lile onyesho la makumbusho: azihesabu hatua kabla ya kuhesabu mikato.