Maji ya Chumvi Mabondeni

Wenye mashamba wengi hudhani habari za bahari ni za wavuvi, nasi tuna mikarafuu yetu juu ya vilima. Lakini mwaka mikarafuu isipozaa, nani asiyetazamia mpunga wa bondeni? Na pande nyingine za Pemba, kama Kisiwa Panza, maji ya chumvi yameingia mabondeni hata mpunga haumei.

Sababu yatoka mbali. Moshi wa makaa na mafuta yachomwayo duniani huzidisha joto. Barafu huyeyuka, na maji yakipata moto hutanuka. Tangu mwaka 1900 bahari imepanda kadiri ya sentimita 20. Viwanda hivyo si vyetu. Bali mikoko tumeikata wenyewe, kwa kuni, boriti na tanuri za chokaa (hata nyumba ya mwandishi ina boriti hizo). Mizizi yake huvunja nguvu za mawimbi na kukamata tope.

Kazi hii bwana shamba peke yake haiwezi. Mvuvi ndiye ajuaye bamvua hufika wapi. Kina mama walimao mpunga ndio waionao chumvi kwanza. Mwalimu ana watoto wa kuokota mbegu. Mbegu ya mkoko huchomekwa wima topeni, ncha chini, theluthi yake ndani, mahali maji yanapojaa na kutoka. Mchanga mkavu haufai. Wengi hupanda siku moja wakaenda zao, mbegu zikaliwa na kaa. Apandaye na arudi baada ya bamvua mbili, ajaze mapengo.