Wakala wa Fedha Mpakani: Biashara Ndogo Ihitajiyo Uangalifu Mkubwa

Katika nchi ya Marekani mwenye duka huweza kununua mashine ya kutolea fedha, akaiweka dukani mwake, akaijaza noti zake mwenyewe na kupata ada kila mteja achukuapo fedha. Biashara hiyo ilienea baada ya mwaka 1996, mitandao mikubwa ya kadi ilipoondoa katazo la kumtoza mteja ada ya ziada. Hapa Uganda mashine hizo kwa kawaida ni mali ya mabenki, na nyingi husimama mijini. Mipakani, kama vile Busia, Malaba na Mutukula, kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na binadamu: wakala aketiye kibandani na simu, daftari na droo ya noti.

Uwakala ni kazi halali iliyowapa vijana wengi riziki. Lakini kila mpita njia ajua kwamba kibandani humo mna fedha, na mpaka u karibu kwa yeyote atakaye kutoroka. Kwa hiyo twaeleza hapa jinsi biashara hii iendavyo, na jinsi mwenyewe, wateja na sisi polisi tuwezavyo kuilinda.

Mtaji una nyuso mbili

Mtaji wa wakala hugawanyika katika noti taslimu na floti, yaani fedha zilizomo ndani ya simu. Mteja akitoa fedha, noti hupungua na floti huongezeka. Akiweka, mambo hugeuka. Tuseme wakala ameanza siku ya soko na shilingi 1,000,000 taslimu na floti ya 1,000,000. Wachuuzi watano wakitoa shilingi 200,000 kila mmoja, droo itabaki tupu na simu itakuwa na 2,000,000. Hajapata hasara, ila hawezi kumhudumia mteja wa sita. Itampasa aende benki au kwa wakala mkuu kubadilisha floti iwe noti.

Safari hiyo ndiyo saa ya hatari. Wezi hawahitaji kuvunja kibanda ikiwa wamekwisha kujua kwamba mwenyewe hupita njia ile ile, saa ile ile, na mkoba ule ule. Badilisheni saa na njia. Msiende peke yenu mkiwa na fedha nyingi. Mchukueni mwendesha boda boda mnayemfahamu, wala msitangaze mwendako.

Mahali na saa

Mashine huwekwa penye watu wengi, na wakala pia hutafuta penye watu wengi. Hata hivyo, penye watu wengi si lazima pawe salama. Kibanda chema huonekana kutoka barabarani, kina taa, kina majirani wafanyao kazi hadi jioni, na dirisha lake halimruhusu mtu kupenyeza mkono hadi kwenye droo. Fungeni mapema, majirani wangali wazi. Kamisheni ya saa moja ya usiku haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu.

Sheria yasemaje

Sheria ya Mifumo ya Kitaifa ya Malipo ya mwaka 2020 inaitaka kila kampuni itoayo huduma ya fedha kwa simu iwe na leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Wakala husajiliwa kupitia kampuni hiyo. Leseni ya nchi moja haivuki mpaka: aliyeruhusiwa upande wa jirani hajaruhusiwa huku kwa sababu tu simu yake inashika mtandao wa kule.

Tofauti na mwenye mashine wa Marekani, wakala wetu hajipangii ada. Ada hupangwa na kampuni, na kodi ya asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa hukatwa ndani ya mfumo wenyewe. Mteja atoaye shilingi 100,000 hukatwa kodi ya shilingi 500 pamoja na ada iliyotangazwa, basi. Akidaiwa nyongeza mkononi, anaonewa.

Kubadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Uganda ni biashara nyingine, nayo ina leseni yake. Tena, msafiri avukaye mpaka na fedha taslimu zizidizo shilingi 30,000,000, au thamani hiyo kwa fedha za kigeni, hana budi kuzitangaza kwa maafisa wa forodha.

Hila zinazorudiwa

Hila ya kwanza ni ujumbe wa uongo. Mtu hudai kwamba ametuma floti, na ujumbe unaofanana na wa kampuni huingia katika simu ya wakala. Msiuamini ujumbe peke yake; angalieni salio kabla ya kutoa noti.

Hila ya pili ni mpigaji simu ajiitaye afisa wa kampuni, atakaye namba ya siri ili "kurekebisha laini." Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akiwa askari.

Hila ya tatu ni noti bandia. Mteja mwenye haraka huleta bunda, huomba atumiwe kwanza, kisha huvuka mpaka. Hesabuni, pimeni noti kwa vidole na kwa mwanga, ndipo mtume.

Msidharau hasara moja. Ikiwa wakala hupata kamisheni ya shilingi 500 kwa muamala, akiibiwa 200,000 itambidi ahudumie wateja 400 ili arudi pale alipokuwa. Ndiyo maana wengine hufunga kibanda kwa kosa la dakika moja.

Daftari na polisi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni saa, namba ya simu, kiasi na namba ya muamala, na mtazame kitambulisho cha mteja. Mhalifu akivuka mpaka, askari wetu hawawezi kumfuata kiholela katika nchi ya wenyewe. Tunao ushirikiano na wenzetu, ukiwemo ule wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 1998, lakini ushirikiano huhitaji ushahidi. Tukipewa namba ya muamala na saa kamili, tunacho cha kuwakabidhi wenzetu. Tukipewa maelezo ya shati jekundu tu, hatuna.

Ripotini mara moja. Ijulisheni kampuni ili izuie fedha, kisha pigeni 999 au 112, au njooni kituoni. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Na mshukiwa akikamatwa na wananchi, tafadhali mleteni akiwa hai. Aliyeuawa barabarani hawezi kututajia wenzake wala zilipo fedha, nao waliompiga huwa wamejitia katika kosa la mauaji.

Wakala amlindaye mteja, mteja amheshimuye wakala, na majirani waangaliao kibanda kama chao, hao ndio ulinzi wa kwanza wa mpaka. Sisi tutaendelea kupita vibandani mwenu, mchana na jioni. Mtuonapo, msisite kutuambia mliyoyaona.