Kivumishi "-kavu" na Jina la Bukavu

Kivumishi -kavu hufuata upatanisho wa ngeli: mti mkavu, majani makavu, nchi kavu. Maana yake huvuka ukosefu wa maji. Mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Katika Kiswahili cha Kivu, kiambishi u- huwa bu-, kama katika bunga na bugali. Basi msemaji wa Kasha, katika komini ya Bagira, aweza kuligawa jina la mji wake, bu-kavu, akapata "ukavu". Sarufi inamruhusu, Ziwa Kivu na mvua za Septemba hadi Mei zinamkanusha. Tena kosa hilo huwafuta Bashi, kwani kwa kawaida jina huelezwa kutokana na Kimashi, bu'nkafu, mahali pa ng'ombe.