Neno 'dini' katika Al-Fatiha lina maana nyingine

MWISLAMU anayetimiza sala tano za faradhi katika siku ya kawaida husoma sura ya Al-Fatiha, yenye aya 7, mara 17, kwa kuwa sala hizo zina jumla ya rakaa 17. Muumini wa Kalemng'orok, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, huisoma kwa Kiarabu, ingawa nyumbani huzungumza Kiturkana na sokoni Kiswahili.

Kiswahili hicho ndicho ufunguo wake wa kwanza. Maneno 'himidi', 'rehema', 'ibada' na 'neema' yana mizizi iliyomo pia katika sura hiyo. Anayeyajua ameshaambulia sehemu ya maana yake: sifa kwa Mola, ahadi ya kumwabudu Yeye pekee, kisha ombi la kuongozwa.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Kwa Kiswahili, 'dini' ni imani na njia ya kuabudu. Katika aya ya 4 neno hilo lina maana ya malipo. Siku inayotajwa hapo ni Kiyama, mja atakapolipwa kwa matendo yake. Asiyelijua hilo hupitwa na onyo analolitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, Al-Fatiha haisomwi kwa tafsiri ndani ya sala. Maana hujifunzwa nje yake, na vitabu vipo: tafsiri kamili ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar ilichapishwa Nairobi mwaka 1969.