ADABU YA SIMU MBELE ZA WATU

 

Ndugu Waislamu, simu ya mkononi ilipoanza kutumika nchini mwetu mwaka 1994 ilikuwa mali ya wachache. Leo dereva aliyekwama katika foleni ya malori hapa Chapwa, akingojea zamu ya kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda Nakonde, huzungumza na mkewe aliye Dar es Salaam kana kwamba wamekaa jamvi moja. Hiyo ni neema. Tunalokusudia kulieleza ni haki ya yule aliye karibu na msemaji, ambaye hakupiga wala hakupigiwa.

Tuanze na msikiti. Twaulizwa mara kwa mara: simu ikilia mtu akiwa ndani ya sala, afanye nini? Wengi huiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe, wakidhani kwamba kuigusa kutaibatilisha sala. Sivyo. Mtume (s.a.w.) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anapoinuka, na aliruhusu kumwua nyoka na nge ndani ya sala. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wetu, kinachobatilisha ni matendo mengi yanayofuatana, kama hatua tatu mfululizo. Kutia mkono mfukoni na kubonyeza kitufe hakufiki huko. Basi na aizime, tena upesi, kwani kuiacha kunaivuruga sala ya safu nzima. Ama wakati wa khutba, hata kumwambia mwenzio anyamaze kumehesabiwa kuwa ni upuuzi, sembuse kusoma ujumbe!

Wako wasemao kwamba mlio wa simu zao ni adhana, au kisomo cha Kurani, kwa hiyo haudhuru. (Simu hiyo hiyo hulia hata chooni.) Jawabu limo katika Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud. Mtume alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma Kurani kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawakataza wasiudhiane kwa kupandishiana sauti. Ikiwa msomaji wa Kurani hakuruhusiwa kumwudhi jirani yake, huyu afunguliaye spika ya simu ndani ya basi la Mbeya, abiria wote wasikie ugomvi wa nyumbani kwake, ruhusa ameipata wapi?

Kazini nako, saa za mwajiriwa ni amana. Karani anayecheka na simu huku mtu amesimama dirishani ameila amana hiyo. Na wakala wa fedha atangazaye mbele ya foleni jina la mtu na kiasi alichotuma amefichua siri aliyokabidhiwa.

Lililo zito kuliko yote ni picha. Barabara yetu hii haikosi ajali. Kabla majeruhi hawajatolewa ndani ya gari, simu zimekwisha kuinuliwa, na mikono ambayo ingebeba machela inapiga picha. Mama hujua kifo cha mwanawe kwa picha iliyotumwa na mtu asiyemjua, maiti ikiwa haijafunikwa hata kanga. Mtume ametufundisha kwamba amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na Akhera. Mwenye kuipokea picha hiyo asiisambaze, aifute.

Neno moja kwa wapigao. Abu Musa al-Ashari alibisha hodi mara tatu mlangoni kwa Umar. Alipoona haitikiwi, akarudi zake. Umar alipomwuliza sababu, akajibu kwamba ndivyo alivyofundisha Mtume, na Abu Said huyo huyo akatoa ushahidi. Simu nayo ni hodi. Ukipiga mara tatu usijibiwe, andika haja yako kwa ujumbe mfupi, kisha ngoja. Huenda unayemtafuta yumo katika sala, au yu katika usukani anateremka mlima na shehena nyuma yake.